Rudolf Virchow: Daktari aliyetuonyesha jinsi damu inavyoganda ndani ya mshipa

KIHARUSI kikimwangusha mtu kijijini, maneno huwa mengi kuliko msaada. Wapo watakaosema amerogwa, wapo watakaomtafuta jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na wapo watakaosema ni pepo mbaya aliyepita usiku. Mara chache utamsikia mtu akisema kwamba ndani ya kichwa cha mgonjwa kuna mshipa wenye unene wa mrija wa wino wa kalamu, kwamba mshipa huo ulianza kuziba kidogo kidogo miaka mingi iliyopita, na kwamba asubuhi hiyo damu imeganda pale pale penye wembamba.

Maelezo hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitafutwa na watu, na mmoja wa waliotangulia mbele ya wenzake ni daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliyefariki dunia mwaka 1902. Wanafunzi wetu wa sekondari humjua kwa mstari mmoja tu wa daftari la baiolojia: kwamba alifundisha kuwa kila seli hutokana na seli nyingine iliyotangulia. Mimi pia nilimjua hivyo nilipokuwa nasoma ukimbizini Tanzania, na nilifaulu mtihani kwa mstari huo.

Nina sababu ya kumrudia leo. Mwaka 2009, nikiwa tayari nimerejea nyumbani Rwanda na kupata kazi ya ualimu, mzee wangu alikuwa amekaa barazani asubuhi, kikombe cha uji kikamponyoka mkononi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamtoka kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Baada ya kama nusu saa mkono ukarudi, naye akacheka, akachukua jembe akaenda shambani. Hakuna aliyempeleka kituo cha afya. Siku ya nne upande wake wote wa kulia haukuamka.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jinsi damu inavyoganda kwenye kidonda. Nilichora ubaoni, nao wakanakili. Lakini sikuunganisha niliyoyaandika ubaoni na kikombe kilichodondoka nyumbani kwetu. Virchow aliunganisha mambo ya namna hiyo zaidi ya miaka 150 kabla yangu, akiwa kijana wa miaka 25.

Mtoto pekee wa mkulima

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, wakati huo likiwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na huitwa Świdwin. Baba yake alikuwa mkulima na mtunza hazina wa mji, mtu wa kipato cha kawaida. Rudolf alikuwa mtoto wao pekee.

Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kumsomesha udaktari, mwaka 1839 alipata nafasi katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Masharti yalikuwa wazi: serikali ingemsomesha bure, naye angelipa kwa kutumikia jeshi. Vijana wengi wa familia za kawaida walipitia mlango huo. Alihitimu shahada ya udaktari mwaka 1843, akapangiwa kazi katika hospitali ya Charité, ambayo hadi leo ni hospitali kubwa ya Berlin.

Pale Charité aliwekwa chini ya Robert Froriep, daktari aliyehusika na uchunguzi wa maiti. Froriep alimfundisha kutumia hadubini na kumpa swali la kulifanyia kazi. Swali hilo ndilo lililomfungulia Virchow njia.

Donge linalosafiri

Wakati huo bingwa wa Ufaransa, Jean Cruveilhier, alikuwa akifundisha kwamba kuvimba kwa vena ndicho chanzo cha karibu kila ugonjwa. Kwa maoni yake, mahali popote palipokutwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, mshipa wenyewe ndio ulioanza kuugua na kuvimba. Wakubwa wengi wa tiba Ulaya waliliamini hilo. Virchow alitakiwa achunguze iwapo ni kweli.

Alianza kwa kupasua maiti na kutazama kwa macho yake. Kwa watu waliokufa ghafla aliona madonge ya damu yamekwama katika ateri ya mapafu. Ajabu ni kwamba kuta za ateri hiyo zilikuwa nzima, hazina dalili ya kuvimba. Aliposhuka hadi miguuni na nyongani, alikuta vena zenye madonge mengine, na mara nyingine ncha ya donge la mguuni ililingana na donge la mapafuni, kama vipande viwili vya kijiti kilichovunjika.

Akahitimisha kwamba donge la mapafuni halikuzaliwa mapafuni. Lilizaliwa mguuni, likakatika, likabebwa na damu kupitia moyo hadi lilipofika mahali pembamba na kukwama. Ili kuthibitisha, aliwatia mbwa vipande vya mpira na vya damu iliyoganda katika vena ya shingo, kisha akavitafuta. Alivikuta mapafuni. Matokeo hayo alianza kuyachapisha mwaka 1846.

Virchow ndiye aliyeyapa mambo haya majina ambayo madaktari wanayatumia hadi leo. Damu inayoganda ndani ya mshipa wa mtu aliye hai aliiita thrombosi. Donge linalokatika na kusafiri hadi kuziba mshipa wa mbali aliliita emboli.

Kisha akageukia ateri zinazopeleka damu kwenye viungo, ubongo ukiwemo. Wakati huo madaktari waliopasua vichwa vya watu waliokufa kwa kupooza walikuta sehemu ya ubongo imelainika kama ugali wenye maji mengi, na wengi wao walidhani ni uvimbe wa ugonjwa. Virchow alionyesha kwamba mara nyingi sehemu hiyo ilikuwa imekufa kwa kukosa damu, kwa sababu ateri yake imezibwa. Ama donge lilitoka moyoni likaja kukwama, ama damu iliganda hapo hapo kwenye ateri iliyoharibika.

Mambo matatu

Utafiti huo wa miaka kumi aliukusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1856. Ndani yake mna hoja ambayo wanafunzi wa tiba duniani hukariri chini ya jina la utatu wa Virchow. Ni vizuri msomaji ajue kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiita hivyo. Jina hilo lilikuja miongo mingi baada ya kifo chake. Lakini fikra ni yake.

Kwa maneno ya nyumbani, damu huganda ndani ya mshipa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ukuta wa mshipa kuharibika. Ya pili ni mwendo wa damu kuvurugika, ama kwa kusimama ama kwa kuzungukazunguka. Ya tatu ni damu yenyewe kubadilika, ikawa nyepesi kuganda kuliko inavyotakiwa. Zikikutana mbili au tatu, hatari huwa kubwa zaidi.

Juu ya sababu ya kwanza, alibishana na bingwa wa Vienna, Carl von Rokitansky. Rokitansky alisema uchafu unaonenepesha ukuta wa ateri ni utando wa damu iliyoganda juu yake. Virchow alisema hapana, mafuta hupenya ndani ya ukuta, nao ukuta unajibu kwa kuvimba na kukua. Sayansi ya leo imempa kila mmoja sehemu ya haki: mafuta huingia na kuleta uvimbe ndani ya ukuta kama alivyosema Virchow, na madonge madogo ya damu huongeza unene juu yake kama alivyosema mwenzake.

Juu ya sababu ya tatu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia jina fibrinojeni kwa ajili ya kitu kilichomo katika majimaji ya damu ambacho hugeuka kuwa nyuzi damu inapoganda. Zaidi ya hapo hakuweza kwenda. Kemia ya wakati wake haikuwa na zana za kutosha.

Njaa na homa ya Silesia

Mwanzoni mwa mwaka 1848 homa ya tifasi, ile inayoenezwa na chawa, ilikuwa inaua watu kwa maelfu katika jimbo la Upper Silesia. Serikali ya Prussia ilisitasita, kisha ikatuma watu wa kuchunguza, Virchow akiwamo. Alikaa huko kama wiki tatu, akaingia katika vibanda vya wakulima waliokuwa wakisema Kipolandi na ambao watawala wao walisema Kijerumani.

Serikali ilitarajia ripoti ya daktari. Ilichopata ni ripoti ya kuishtaki serikali yenyewe. Virchow aliandika kwamba homa hiyo isingeua kiasi kile kama watu wasingekuwa na njaa, wamebanana katika nyumba chafu na kunyimwa elimu. Hakupendekeza dawa. Alipendekeza utawala wa kidemokrasia, shule, barabara, kodi ya haki, na haki ya wananchi hao kutumia lugha yao.

Nakiri kwamba ukurasa huu wa maisha yake hunigusa kuliko mingine. Sisi tuliokulia ukimbizini tunajua maana ya kuugua mahali ambapo mganga na mgonjwa hawaelewani lugha, na ambapo kambi yenyewe ndiyo ugonjwa.

Aliporudi Berlin mwezi Machi alikuta mapinduzi yameanza, akasimama pamoja na wananchi waliojenga vizuizi barabarani. Baadaye mwaka huo alianzisha gazeti la wiki la kutetea mageuzi ya tiba. Mapinduzi yalizimwa, na mwaka 1849 serikali ilimsimamisha kazi. Ingawa alirudishwa kwa masharti, aliona heri kuondoka. Chuo kikuu cha Würzburg, kusini, kilimpa kiti cha uprofesa wa patholojia.

Seli na kurudi Berlin

Alikaa Würzburg miaka saba. Mwaka 1850 alimwoa Rose Mayer, binti wa daktari wa wanawake wa Berlin, wakajaliwa watoto sita. Ni katika miaka hiyo ya utulivu alipounda fundisho lake la seli: kwamba mwili ni kama jamii ya raia, kila seli ikiwa raia, na kwamba ugonjwa ni seli zilizoacha mwendo wake wa kawaida.

Hapa lazima tuseme ukweli. Kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa seli nyingine lilikuwa limekwisha kuonyeshwa na Robert Remak, mtafiti Myahudi aliyezaliwa Poznań, na wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Virchow hakumpa haki yake.

Mwaka 1856 Berlin ilimwita tena na kumjengea taasisi yake ya patholojia. Miaka miwili baadaye alichapisha mihadhara yake 20 kuhusu seli na magonjwa, kitabu kilichobadilisha ufundishaji wa udaktari duniani. Wanafunzi walimfuata kutoka Ulaya nzima na Marekani.

Bungeni na kwenye mifereji

Mtu mwingine angetosheka na hayo. Virchow aliingia katika baraza la jiji la Berlin mwaka 1859 na hakutoka humo hadi kufa. Jiji lilikuwa linakua haraka, na maji machafu yalitiririka katika mitaro ya wazi kando ya barabara. Virchow aliongoza uchunguzi uliopendekeza mifereji ya chini ya ardhi, na mhandisi James Hobrecht akaisanifu. Ujenzi ulianza mwaka 1873. Alipigania pia hospitali za jiji, mojawapo ikiwa ile ya Friedrichshain iliyofunguliwa mwaka 1874, na sheria ya kukagua nyama ya nguruwe baada ya kuchunguza minyoo midogo ya trikina iliyokuwa inaua walaji.

Mwaka 1861 alishiriki kuanzisha chama cha kiliberali cha Maendeleo, na mwaka uliofuata akaingia Bunge la Prussia. Huko alikuwa mwiba kwa Waziri Mkuu Otto von Bismarck, hasa katika bajeti ya jeshi. Mwaka 1865 Bismarck alikasirika hadi akamtaka wakutane kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa wakati huo. Virchow alikataa. Kuna hadithi maarufu kwamba alichagua soseji mbili ziwe silaha, moja nzima na moja yenye minyoo ya trikina, Bismarck achague ya kula. Hadithi hiyo inachekesha lakini haina ushahidi.

Mafuvu ya kichwa

Kuna upande wa maisha yake ambao sisi wa Rwanda hatuwezi kuupita kimya. Virchow alikuwa pia mwanzilishi wa elimu ya kupima watu. Mwaka 1869 alishiriki kuunda chama cha anthropolojia cha Berlin, na kwa miaka mingi alikusanya mafuvu ya vichwa kutoka kila pembe ya dunia. Makoloni ya Ujerumani yalipoanza, maafisa na wasafiri waliombwa watume mafuvu, nao walituma. Wenye vichwa hivyo, au ndugu zao, hawakuulizwa.

Hata hivyo vipimo vyake mwenyewe vilimpeleka mahali ambapo wabaguzi hawakupenda. Aliongoza uchunguzi wa rangi ya macho, nywele na ngozi ya watoto wa shule wa Ujerumani karibu milioni 6.8, na matokeo yakachapishwa mwaka 1886. Watoto wenye nywele na macho ya rangi iliyosifiwa kuwa ya Mjerumani halisi walikuwa chini ya theluthi moja, na miongoni mwa watoto wa Kiyahudi pia walikuwamo wenye nywele za dhahabu. Virchow akatangaza kwamba taifa halina damu moja safi, na akapinga bungeni na nje ya bunge chuki dhidi ya Wayahudi.

Waliomfuata hawakuwa na tahadhari hiyo. Katika mkusanyiko mwingine wa Berlin, ulioundwa na Felix von Luschan, mafuvu mengi yaliletwa kutoka hapa kwetu, hasa na msafara wa Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa miaka ya 1907 na 1908. Matokeo ya uchunguzi yaliyotangazwa Berlin mwaka 2023, uliowashirikisha watafiti wa Rwanda, yalihusu mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, na zaidi ya 900 kati yake yalitoka Rwanda. Sote tuliozaliwa ukimbizini tunajua vipimo vya pua na vichwa vilitufikisha wapi. Virchow alithibitisha kwamba vipimo hivyo havigawi watu katika damu safi na damu chafu, lakini rafu zake alizijaza mafuvu ya watu wasioulizwa. Yote mawili ni yake.

Alikosea pia

Aliyefundisha wenzake wasiwaamini wakubwa bila ushahidi, naye alipokuwa mkubwa aliwazuia wengine. Alipinga maelezo ya Ignaz Semmelweis kwamba mikono michafu ya madaktari ndiyo iliyokuwa inaua wazazi hospitalini. Alisita sana kukubali kwamba vijidudu peke yake vinaweza kuwa chanzo cha magonjwa, hata Robert Koch alipoleta ushahidi wake. Na mwaka 1872 alisema mifupa ya mtu wa kale wa Neanderthal ni ya mtu wa kawaida aliyepatwa na maradhi ya mifupa. Katika yote matatu muda ulimshinda.

Mwisho wake

Mwaka 1899 alifungua jumba la makumbusho la patholojia lenye sampuli zaidi ya 20,000, nyingi akiwa amezitayarisha kwa mikono yake. Tarehe 4 Januari 1902, akiwa na miaka 80, aliruka kutoka kwenye tramu ya umeme iliyokuwa bado inatembea katika barabara ya Leipziger Strasse, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Hakurudia afya yake. Moyo ulidhoofika, akafariki dunia tarehe 5 Septemba 1902.

Leo mgonjwa mwenye mvunjiko kama ule hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu analala kitandani muda mrefu na damu ya miguuni hupoteza mwendo. Ni ile sababu ya pili ya Virchow. Dawa hizo hazikuwapo siku zake.

Walioendeleza kazi yake

Sababu ya tatu, damu yenyewe, iliachwa kwa wengine. Giulio Bizzozero, Mwitaliano aliyewahi kusoma kwa Virchow, alionyesha mwaka 1882 kwamba vijichembe vidogo vya damu, tunavyoviita chembe sahani, ndivyo vinavyokimbilia kwanza mahali palipoumia. Paul Morawitz, Mjerumani, mwaka 1905 alipanga hatua za kuganda kwa damu katika mfuatano mmoja. Baadaye vitu vya kugandisha damu viliongezeka hadi kila maabara ikawa na majina yake, ikabidi kamati ya kimataifa iliyoanza kazi mwaka 1954 ivipe namba za Kirumi. Vinahesabiwa kutoka I hadi XIII, ila namba VI iliachwa baada ya kugundulika kwamba haikuwa kitu kipya.

Sasa tutazame ateri ya ubongo iliyopungua upana. Presha ya muda mrefu, kisukari, tumbaku na mafuta vimejenga uvimbe ndani ya ukuta wake. Damu ikipita penye wembamba huongeza kasi, kama mto unavyofanya kati ya majabali. Kasi hiyo huinyoosha protini ndefu ya damu iitwayo Von Willebrand, nayo ikinyooka hunasa chembe sahani kama ulimbo unavyonasa ndege. Siku uvimbe ukipasuka, vitu vilivyofichwa ndani ya ukuta hukutana na damu. Faktari namba VII huamka, huamsha namba X, namba X hugeuza prothrombini kuwa thrombini, na thrombini huigeuza fibrinojeni, ambayo ndiyo namba I, kuwa nyuzi za fibrini. Namba XIII huzifunga nyuzi hizo zisifumuke. Kwa dakika chache donge limekamilika.

Mwili una breki zake pia: protini C, protini S na antithrombini huzuia kuganda kusivuke mpaka, na plasmini huyeyusha nyuzi. Breki zikiwahi, donge dogo huyeyuka na mgonjwa hupona kwa dakika au saa chache, kama mzee wangu siku ya kikombe. Lakini kidonda cha ndani ya mshipa bado kipo, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari kubwa.

Vladimir Lenin, aliyeitawala Urusi ya mapinduzi, alipata kiharusi mara kadhaa kuanzia mwaka 1922 na kufa tarehe 21 Januari 1924 akiwa na miaka 53. Waliompasua walikuta ateri za kupeleka damu kichwani zimekuwa ngumu na nyembamba mno. Madaktari wake walijua alichofundisha Virchow, lakini hawakuwa na la kufanya.

Leo lipo la kufanya, ingawa si kila dawa inafaa kila donge. Donge la moyoni, damu inapotuama, huwa jekundu na limejaa fibrini, na hupunguzwa na dawa kama warfarini. Donge la kwenye ateri nyembamba huanza na chembe sahani, ambazo aspirini huzizuia. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti wa Amerika Kaskazini uliowahusu wagonjwa 569 wenye ateri za ubongo zilizopungua. Warfarini haikuwakinga zaidi ya aspirini, tena iliongeza vifo na kutoka damu, hadi utafiti ukasimamishwa mapema. Mwaka 2011 utafiti mwingine ulijaribu kupanua ateri hizo kwa kijimrija cha waya. Waliowekewa, karibu 15 kati ya kila 100 walipata kiharusi au kufa ndani ya siku 30, dhidi ya karibu 6 kwa waliotumia dawa na kudhibiti presha na mafuta peke yake.

Kwa wanaofika mapema ipo dawa ya kuyeyusha donge, inayotolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kichwa kupigwa picha ya CT. Picha hiyo ni lazima, kwa sababu kiharusi kingine hutokana na mshipa kupasuka na damu kumwagika, na hapo dawa hiyo huua. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani kwa kukisia.

Kikombe kilichodondoka

Mzee wangu aliishi miaka mitatu baada ya siku ile. Ukimbizini yeye ndiye aliyewaandikia barua wenzake wasiojua kusoma, na mkono uliopooza ulikuwa ule wa kuandikia. Alijifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayejua kwamba tulipewa siku tatu za kumwokoa tukazitumia kupalilia maharage.

Tangu hapo, kila mwaka ninapofika kwenye somo la kuganda kwa damu, siishii kwenye kidonda cha goti. Ninawaambia wanafunzi waende nyumbani wawaeleze wazazi mambo manne: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakikokoteka, tazama saa na umpeleke hospitali, hata kama dalili zimeondoka na mgonjwa anacheka. Ninawaambia pia wawahimize wazee wapime presha, kwa kuwa mshipa unaopungua hauumi.

Somo hilo hulianza kwa kumtaja kijana wa Pomerania aliyelinganisha donge la mapafuni na donge la mguuni. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinijia asubuhi kuniambia kwamba bibi yake alidondosha sufuria jikoni, mdomo ukapinda, kisha akapata nafuu, na kwamba yeye alilia hadi wajomba wakamkodia bibi pikipiki kwenda hospitali. Bibi huyo bado anapika.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari nchini Rwanda.